Usiing'oe: jeraniamu ya porini iliyokauka mwezi wa nane

Swali

Shikamoo mwalimu. Naishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa saba. Kila mwaka nanunua jeraniamu nyekundu za kwenye vyungu, na kila Novemba zinakufa. Mei mwaka jana tulitembelea hifadhi ya msitu karibu na kwetu, nikakuta chini ya miti kumejaa maua ya zambarau iliyopauka. Jirani yetu akaniambia hiyo nayo ni jeraniamu, ila ya porini, na baridi haiiui. Mwezi wa tatu mwaka huu nilijaribu mbegu ndani ya nyumba, hata moja haikuota. Aprili nikanunua kopo moja, nikapanda nyuma ya nyumba chini ya mti mkubwa wa mepo (maple). Ilitoa maua manne, nikafurahi. Agosti majani yakawa ya njano, na sasa Septemba pamebaki udongo mtupu. Mume wangu anasema imekufa, ning'oe nipande kitu kingine. Nimekosea wapi? Na je, naweza kwenda kuchimba nyingine kule msituni?

Jibu

Marahaba dada. Kabla sijasema lingine lolote: usiing'oe. Mwombe shemeji aweke jembe chini kidogo, kisha nenda pale ulipoipanda na kijiko cha jikoni. Kwangua udongo taratibu, sentimita mbili au tatu tu. Utakuta kitu cha kahawia kimelala ubavu, kimejikunjakunja kama kidole cha tangawizi. Kibonyeze. Kikiwa kigumu, tena ukikikwaruza kidogo kwa ukucha ndani kuna ubichi, mmea wako ni mzima, umelala tu. Kikiwa kinabonyea na kutoa maji kama kiazi kilichooza, basi shemeji kashinda. Mimi naamini utakikuta kigumu, kwa sababu ulichonisimulia hakina sura ya ugonjwa. Ni tabia yake.

Turudi kwanza kwenye zile nyekundu, maana zimekula hela yako miaka yote hii bila kosa lako. Jina ndilo lililokuponza. Mtaalamu wa mimea Mswidi, Linnaeus, mwaka 1753 alizitia zote kapu moja, akaziita Geranium. Mwaka 1789 Mfaransa L'Héritier akazitenga: hizi za vyungu akazipa jina la Pelargonium. Wataalamu wa mimea wakahamia jina jipya, wauza maua wakabaki na la zamani, na mpaka leo ukienda dukani unauziwa Pelargonium kwa jina la mwenzake. Asili ya Pelargonium nyingi ni Afrika Kusini. Usiku mmoja wa kuganda unatosha kuzimaliza, na Columbus usiku wa namna hiyo si mmoja. Kwetu Lushoto tulizipanga barazani kwenye makopo ya rangi na zilidumu miaka, kwa sababu baridi ya Lushoto ni ya kuvaa sweta tu, ya kugandisha maji kwenye ndoo hatuna.

Majina yenyewe yanachekesha. Geranium linatokana na neno la Kigiriki la ndege korongo, kwa kuwa tunda lake lina mdomo mrefu uliochongoka. Pelargonium nalo linatokana na jina la ndege mwingine wa miguu mirefu na mdomo mrefu. Wagiriki waliwatofautisha; sisi kwa Kiswahili cha kila siku wote wawili ni korongo tu, kwa hiyo hata lugha ya mama isingetuokoa dukani. Ukitaka kuzijua kwa macho, tazama ua. Petali tano za Geranium zinalingana, uligeuze upande wowote ni lilelile. La Pelargonium lina mbili za juu na tatu za chini, na haziko sawa, ingawa kwenye zile zenye petali nyingi zilizofumbatana huwezi kuona kitu.

Na nikuibie siri: kile chungu chekundu huenda kina damu ya nyumbani kuliko unavyodhani. Vipandikizi vya Pelargonium huzalishwa kwa wingi Kenya, Ethiopia, Guatemala na Mexico, kisha husafirishwa kwa ndege vikakuzwe Ulaya na Marekani. Mwaka 2003 vipandikizi vilivyotoka Kenya vilikutwa huku Marekani na bakteria wa mnyauko, yule yule anayewaliza wakulima wa viazi, na mimea mingi ikateketezwa. Tangu hapo ukaguzi ni mkali.

Sasa yako. Jina lake kamili, lile unalopaswa kulitafuta kwenye kibao cha kopo, ni Geranium maculatum. Ni mzaliwa wa misitu ya mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, kuanzia kusini mwa Kanada hadi Georgia na Alabama, na Ohio iko katikati ya kwao. Kwenye ramani ya baridi ya wakulima wa bustani wa Marekani inastahimili kanda ya 3 hadi ya 8, na kanda ya 3 ni mahali ambapo kipimo kinaweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Columbus ni kanda ya 6. Kwa hiyo baridi yenu haiitishi. Kinachoitisha ni Agosti.

Fikiria maisha yake kule msituni. Mwanzoni mwa Aprili mialoni na mepo bado iko uchi, jua linafika mpaka chini, udongo umelowa maji ya theluji. Hapo ndipo inapoharakisha: inachipua, inafungua maua kuanzia mwishoni mwa Aprili mpaka mwanzoni mwa Juni, inakomaza mbegu. Miti ikishafunga paa lake la majani, kazi kubwa ya mwaka imekwisha. Kukiwa na unyevu, majani yake hukaa hadi baridi ya kwanza, mengine yakigeuka mekundu mazuri sana. Unyevu ukikosekana, yanakuwa ya njano, yanaanguka, na akiba yote inarudi kwenye tunguu, kile kitu cha kahawia utakachokikuta kwa kijiko. Mtu aliyezoea mchicha akiona hivyo anasema imekufa.

Hata hivyo kulala mapema namna ile katika mwaka wa kwanza si dalili nzuri sana. Ina maana ilipata kiu, na hapa namtazama yule mepo. Mizizi ya mepo iko juu juu, inatandaa kama mkeka, na inakunywa kabla ya mwingine yeyote. Fanya jaribio dogo: chuma jani moja bichi, vunja kikonyo chake. Kikitoa utomvu mweupe kama maziwa, huyo ni mepo wa Norway, mgeni kutoka Ulaya aliyepandwa sana mitaani, na kivuli chake ni kizito kiasi kwamba hata nyasi zinamkimbia. Akiwa ni huyo, hamisha tunguu lako mwezi huu au mwanzoni mwa ujao, ulipeleke kwenye ukingo wa kivuli, mahali panapopata jua la asubuhi kisha kivuli mchana. Utomvu ukiwa maji tu, ni mepo mwingine na mnaweza kuelewana: liache lilipo, ila mwakani mwagilia mara moja kwa wiki mvua ikikatika, taratibu mpaka maji yazame. Kunyunyiza juu juu kila jioni ni kumnywesha mepo.

Usije ukaongeza toroli la udongo juu ya mizizi ya mti ili upate kitanda kizuri cha maua. Watu wengi hufanya hivyo, na miaka michache baadaye mti unaanza kukauka matawi ya juu. Tafuta vifuko vya udongo katikati ya mizizi, panda mimea midogo humo.

Sasa nikuulize swali ambalo wengi wetu tuliotoka nyumbani huona aibu kulijibu: unafagia pale chini ya mti?

Nauliza kwa sababu najua tulivyolelewa. Uwanja usiofagiwa alfajiri ni uvivu wa mwenye nyumba, na wageni watasema. Mama yangu alikuja kukaa nasi Oktoba moja. Asubuhi ya kwanza nikaamshwa na ile sauti ya chakwa-chakwa ninayoijua tangu utotoni. Kutoka nje, namkuta kafunga vijiti kwa kitambaa, kashapata fagio, na chini ya mwaloni wangu, penye jeraniamu nilizozipanda kwa miaka minne, pamekuwa peupe kama uwanja wa kuchezea ngoma. Majani yote yako kwenye mifuko barabarani yanangoja gari la taka. Nilimshukuru. Mama huwezi kugombana naye juu ya fagio. Jioni, alipoingia kuswali, nikarudisha mifuko mitano kwa toroli nikaimwaga palepale. Kesho yake akafagia tena. Siku ya tatu ndipo nilipokaa naye nikamweleza, akasikiliza, akasema, "Kumbe huku uchafu ndio mbolea." Akawa anafagia barabara ya gari tu.

Yale majani ndiyo nyumba ya mmea huu. Kwanza ni blanketi. Huku udongo huganda usiku, ukayeyuka mchana, ukaganda tena, na kila mara unavimba na kushuka. Tunguu lililopandwa juu juu husukumwa kidogo kidogo mpaka linaachwa nje linakaushwa na upepo. Chini ya majani joto halipandi na kushuka hivyo. Pili, yanaoza na kuwa mboji, na udongo wa sehemu zenu za Ohio ni mfinyanzi mzito unaohitaji mboji kuliko mbolea yoyote ya mfukoni. Mimi jeraniamu hizi siziwekei mbolea kabisa. Ukiziwekea zinatoa majani mengi na mashina marefu yanayolala chini mvua ikinyesha.

Tahadhari moja: majani ya mepo yakilowa hulaliana kama magazeti yaliyomwagiwa maji, na chipukizi hupata shida kupenya. Hapa kuna kazi ya shemeji. Apitishe mashine ya nyasi juu ya majani makavu mara moja, kisha umwage ule mkatokato kitandani, unene wa vidole vinne. Majira ya machipuko yakifika usiukusanye, jeraniamu zitapenya zenyewe. Acha pia sehemu moja au mbili ndogo wazi, udongo uonekane, kwa sababu ninayoifikia sasa.

Mei ijayo, maua yakifunguka, beba kiti ukae karibu nayo asubuhi yenye jua. Utaona mistari myembamba ya zambarau kwenye kila petali, yote ikielekea katikati: ni alama za barabara kuelekea kwenye asali. Ua likiwa jipya stameni zake kumi zinapevuka kwanza na kutoa chavua. Baadaye, stameni zikishamaliza, ndipo kile kijinyuzi cha katikati kinajigawa ncha tano kama nyota ndogo na kupokea chavua ya ua jingine. Yaani ua hilohilo linaanza likiwa dume, linamalizia likiwa jike. Ukiwa na lenzi ya mkononi, tazama chavua yenyewe: ni ya buluu. Na ukibahatika utaona nyuki mdogo mweusimweusi, mdogo kuliko wa asali, akiingia na kutoka. Yuko mmoja anaitwa Andrena distans ambaye jike lake hukusanyia watoto wake chavua ya jeraniamu. Hana mzinga wala malkia. Kila jike huchimba kishimo chake peke yake, na ndiyo maana nikakuambia uache udongo wazi kidogo. Hana habari na wewe, watoto wacheze tu. Yule huwezi kumvutia kwa Pelargonium hata upange vyungu mia.

Kuchimba msituni, hapana. Hifadhi za umma zinakataza kung'oa mimea, na ukikamatwa na sepeto mkononi utajieleza. Lakini hata pasingekuwa na mlinzi, lile zulia la zambarau uliloliona limejisambaza taratibu sana, tunguu kwa tunguu, na shimo unaloliacha hujazwa na magugu kabla halijajazwa na jeraniamu. Kuna atakayekuambia mzizi wake ni dawa ya tumbo na vidonda vya mdomoni. Ni kweli Wacherokee waliutumia, una tanini nyingi inayokaza kama chai iliyochemka mno. Hata hilo halikupi ruhusa ya kwenda kuuchimba.

Jirani akikupa kipande kutoka bustanini kwake, pokea, lakini osha mizizi yote mpaka udongo uishe, na yale maji usiyamwage kwenye bustani. Mashariki mwa Marekani, Ohio ikiwemo, kuna minyoo wa kutoka Asia wanaorukaruka kama nyoka ukiwagusa, na udongo wanaopitia hubaki chengachenga kama machicha ya kahawa. Wanakula majani makavu ya msimu mzima kwa muda mfupi. Wakiingia kwako, yote niliyokuambia juu ya blanketi yamekwisha, na dawa ya kuwaondoa hakuna. Mimi walinifikia ndani ya kopo la zawadi. Tangu hapo mmea wowote ninaopewa unaoga kabla ya kuingia.

Ukinunua, nunua tatu badala ya moja, uziweke sentimita 45 kutoka hii hadi hii. Soma kibao. Ile iitwayo 'Rozanne' ni chotara, ya buluu, inachanua muda mrefu na inapenda jua. Nzuri, lakini si mwenyeji wa msitu wa Ohio. 'Espresso', yenye majani ya rangi ya kahawa, ni Geranium maculatum halisi iliyoteuliwa. Na muulize muuzaji kama mimea imewekewa dawa ya wadudu ya jamii ya neonikotinoidi, maana dawa hiyo huingia hadi kwenye chavua, na utakuwa umemwalika yule nyuki kwenye chakula chenye sumu. Akishindwa kukujibu, nenda kitalu kingine. Watakaokuja kula majani ni sungura, hasa chipukizi za Aprili. Kulungu kwa kawaida huzipita, ila mwenye njaa ataonja.

Mbegu zako za mwezi wa tatu hazikuota kwa sababu hazikupitia baridi. Mbegu ya mmea huu ina ganda gumu, na ndani yake kuna kufuli linalofunguliwa na miezi ya baridi yenye unyevu. Bila hivyo ingeota Septemba na kufa Desemba. Uliiweka sebuleni kwenye joto, ikaendelea kungoja. Kama kile kisahani bado kipo, usikitupe, kitoe nje kabla ya Desemba. Ukipata nyingine, zichanganye na mchanga uliolowa kidogo, ndani ya mfuko wa plastiki, uziweke kwenye friji miezi miwili hadi mitatu, ndipo uzipande. Njia yangu mimi ni ya kivivu zaidi: nazipanda kwenye chungu mwezi wa Juni zikiwa bado mbichi, nafunika na wavu wa waya kwa ajili ya kindi, nakiacha nje mvua na theluji vifanye kazi. Aprili vinatoka vijani viwili vya mviringo, na maua nayapata mwaka wa pili au wa tatu.

Kuzivuna ndiko kunakohitaji akili. Ule mdomo wa korongo ukianza kuwa wa kahawia iliyoiva, una siku chache tu. Ukikauka kabisa, tanzu tano zilizoushika zinajikunja kwenda juu kwa ghafla na kila moja inarusha mbegu yake mita kadhaa. Nimewahi kukaa nazo mchana wa Juni nikasikia ti! kwenye jani, nikageuka, mdomo umeshapasuka na umebaki kama taa ya kuning'inia. Dawa yake ni vile vifuko vya wavu vya kutilia zawadi za harusi. Naamini unavyo kabatini, nani hana. Kivishe juu ya kikonyo mdomo ukiwa bado wa kijani unaoanza kubadilika, fungia kamba, rudi baada ya wiki.

Mwaka wa tatu au wa nne ukiona kichaka kimejaa, kigawe, Septemba au mwanzoni kabisa mwa machipuko. Kila kipande cha tunguu kiwe na kijicho na mizizi kadhaa. Kilaze ubavu kama kilivyokuwa, udongo wa sentimita mbili au tatu juu yake, majani juu ya udongo.

Kwa leo fanya hili moja: ukimaliza kukwangua na kijiko na kurudishia udongo, zungushia mawe matatu. Mahali palipo wazi panapoteza kumbukumbu haraka, na wengi huiua jeraniamu yao Machi kwa kupanda kitunguu cha ua lingine katikati yake. Aprili utaona vikonyo vyenye vinyweleo vimeinama, majani yamejikunja kama ngumi ya mtoto. Shemeji asipitishe mashine ndani ya yale mawe kabla ya hapo. Ikifika katikati ya Mei hujaona kitu, niandikie, na safari hiyo nitakubali kuwa imekufa.